Maji ya mihogo na maji ya ziwa: kaboni tusiyoiona

Mama yeyote wa Bukavu aliyewahi kuloweka mihogo ya bugali anajua. Siku ya kwanza maji ni maji tu. Siku ya tatu yamepoteza uangavu wake, yananuka uchachu, na mapovu madogo yanapanda. Ukiyapitisha kwenye kitambaa, hata kiwe kizito, nyuzi na vipande vitabaki juu, lakini uchachu na harufu vitapita. Sehemu ya muhogo imeingia ndani ya maji yenyewe. Haielei, wala haizami.

Sehemu hiyo ndiyo sisi tunaopima maji tunaita kaboni ogani iliyoyeyuka, yaani kaboni ya viumbe iliyomo ndani ya maji. Kila kiumbe, kuanzia jani na mzizi hadi samaki, kimejengwa kwa kaboni, na kinapooza au kulowana, kiasi fulani huyeyuka. Mpaka kati ya kilichoyeyuka na kisichoyeyuka tumeuweka kwa chujio: kinachopita kwenye matundu ya mikromita 0.45 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) tunakihesabu kuwa kimeyeyuka. Na yale mapovu ya beseni ni pumzi ya vijidudu vinavyokula kilichotoka kwenye muhogo na kutoa hewa ukaa. Kazi hiyo hiyo inafanyika usiku na mchana katika kila kijito, kila ziwa na bahari zote.

Kuipima kaboni hii katika Ziwa Kivu kunataka uangalifu. Maji ya Kivu yana bikaboneti nyingi sana, ambayo nayo ni kaboni, ila si ogani. Katika maji ya juu inazidi ile ya viumbe zaidi ya mara 50. Kwa hiyo kwanza tunadondosha asidi kwenye sampuli. Bikaboneti inageuka kuwa hewa ukaa, nasi tunaifukuza kwa kupitisha hewa safi ndani ya kichupa. Ndipo yaliyobaki yanachomwa kwenye tanuri la nyuzi 700 hivi, na mashine inahesabu hewa ukaa iliyotoka. Mwanafunzi akiruka hatua ya asidi, namba anayoiandika haimwambii lolote kuhusu viumbe wa ziwa.

Ukipima vizuri, maji ya juu ya Kivu yanakupa karibu miligramu 2 kwa lita. Ni kidogo, na ni sababu moja ya ziwa letu kuwa la bluu. Lakini kidogo hakimaanishi kwamba hakuna kazi. Ni kama duka la mtaani lenye wateja wengi, ambalo rafu zake ni tupu kwa sababu bidhaa hazilali. Mwani wadogo wanatengeneza kaboni kwa mwanga wa jua na kuivujisha majini. Bakteria wanaila upesi, wanyama wadogo wanawala bakteria, na mlolongo huo unachangia kumfikia hata sambaza, yule samaki mdogo tunayemnunua ufukweni. Mabaki yanazama. Chini ya mita 70 hakuna oksijeni mwaka mzima, na huko vijidudu vya aina nyingine vinamalizia kazi kwa kutoa methani. Katika vilindi vya Kivu kuna methani ya kilomita za ujazo 60 hivi, pamoja na hewa ukaa karibu 300. Si yote iliyotokana na mabaki: sehemu ya methani hiyo vijidudu vimeitengeneza kutoka hewa ukaa ya volkano.

Mahali pengine nchini mwetu kaboni hii inaonekana kwa macho. Jina la Ziwa Mai-Ndombe maana yake ni maji meusi, na waliolitoa walikuwa wameona sawasawa. Mto Ruki, unaoingia Mto Congo karibu na Mbandaka, ni mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, kwa sababu msitu wake unalowa majini kama mihogo isiyotolewa kwenye beseni. Bonde la Ruki ni kama sehemu moja ya 20 ya bonde lote la Congo, lakini linachangia karibu sehemu moja ya 5 ya kaboni hii iliyomo katika mto mkuu. Kila mwaka Mto Congo unapeleka Atlantiki tani milioni 12 hivi za kaboni ogani iliyoyeyuka. Bahari zote pamoja zina tani bilioni 660 hivi za kaboni hiyo, wakati hewa yote ya dunia ina kaboni tani bilioni 900 hivi. Kaboni ya vilindi vya bahari ina umri wa maelfu ya miaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mvua ya milima yetu inagawanyika: upande mmoja inashuka Kivu, upande wa magharibi inakwenda Lualaba, yaani Mto Congo wa huku juu, kupitia mito kama Ulindi na Elila. Msitu ukiwa mzima, kijito hubeba kaboni changa, ya majani yaliyoanguka juzi. Kaboni ya zamani inabaki chini, imeshikwa na udongo. Ukifyeka na kulima mteremko msimu baada ya msimu, maji yanaanza kuchota huko chini. Mwaka 2019 watafiti walichapisha vipimo vya vijito 19 vya mashariki ya Congo: vile vya sehemu zilizokatwa miti vilibeba kaboni yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Kilichonishangaza ni kwamba kaboni hiyo kongwe ilikuwa chakula rahisi kwa vijidudu. Wengi wetu tulidhani kilichokaa miaka mingi ardhini ni kigumu kuliwa. Kumbe kilikuwa kimefunikwa tu. Kikifika kijitoni kinaliwa, na kaboni iliyotulia tangu enzi za mababu wa mababu inarudi hewani.

Siwezi kumwambia mtu wa Kabare au Walungu asilime. Ninachoomba ni ukanda wa miti uachwe kando ya kijito, mifereji ya kuzuia mmomonyoko ichimbwe kukata mteremko, na kinamasi ambacho bado ni kizima kisikaushwe. Udongo mweusi wa kinamasi unatunza kaboni mradi tu umelowa.

Na kwa anayechota maji ya kunywa: jaza chupa angavu, iache usiku kucha. Rangi ya matope itashuka chini. Rangi inayobaki imeenea kama ya chai huenda ikawa kaboni iliyoyeyuka, nayo inakula klorini kabla haijaua vimelea. Maji ya namna hiyo chuja kwanza, tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwa maji yasiyo angavu, subiri dakika 30, kisha nusa bidoni. Harufu ya klorini isiposikika kabisa, dawa imekwisha kabla ya kazi, usiyanywe bado. Tia tena, subiri dakika 30 nyingine, na usiache kutia dawa kwa kuogopa rangi, maana kipindupindu kinaua upesi.