Ukomo wa Hayflick ni nini?

Chukua seli za kawaida za ngozi au mapafu ya binadamu, ziweke kwenye chupa ya maabara, zipe virutubisho na joto la mwili. Zitagawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zitasimama. Hazifi papo hapo. Zinaweza kuishi miezi kadhaa zikiendelea kujilisha, ila hazizaliani tena. Kikomo hicho huitwa ukomo wa Hayflick, kwa jina la Leonard Hayflick (1928–2024), mwanabiolojia wa Marekani aliyezaliwa Philadelphia.

Mwaka 1961, kusema hivyo kulikuwa karibu na kukufuru. Daktari Mfaransa Alexis Carrel, aliyekuwa New York, alianza mwaka 1912 kukuza seli za moyo wa kifaranga akidai kwamba hazina mwisho, na ukoo wa seli hizo ulitunzwa hadi 1946. Carrel alikuwa na Tuzo ya Nobel, nani angembishia? Kwa hiyo seli za mtu mwingine zikikoma, alilaumiwa yeye: chakula kibaya, chupa chafu. Baadaye wengi walishuku kwamba ule utomvu wa kiinitete cha kuku aliozilisha nao ulikuwa ukiingiza seli mpya humo ndani.

Hayflick, akiwa Taasisi ya Wistar, kituo cha utafiti huko Philadelphia, alikuwa akikuza seli za vijusi. Chupa ikijaa, aliwagawa wakazi wake katika chupa mbili, na huo ukahesabiwa kuwa mzunguko mmoja. Akagundua kwamba zinazokoma ni zile kongwe tu, ilhali changa zinazokula chakula kile kile zinaendelea vizuri. Yeye na Paul Moorhead, mtaalamu wa kromosomu (nyuzi za DNA ndani ya seli, zinazoonyesha pia kama seli ni ya kiume au ya kike), wakachanganya seli za kiume zilizokwisha kuzunguka mara 40 na za kike zilizozunguka mara 10. Baadaye, walipochunguza kromosomu, walikuta za kike peke yake. Kama tatizo lingekuwa chakula au virusi, zote zingeathirika. Kwangu mimi hili ndilo jaribio zuri kuliko yote katika kisa hiki, maana halikuhitaji mtambo wowote wa ajabu.

Hata kuzigandisha hakufuti hesabu. Seli zilizogandishwa baada ya mizunguko 20, hata zikikaa miaka mingi kwenye nitrojeni ya kimiminika, huendelea pale zilipoachia. Kinachohesabiwa ni migawanyiko, wala si siku.

Jarida la kwanza lilikataa makala yao. Mhariri aliyewajibu alikuwa Peyton Rous, ambaye mwenyewe alikuja kupata Nobel mwaka 1966.

Kihesabio kiko wapi? Mwaka 1971 Mrusi Alexey Olovnikov alipendekeza kwamba ncha za kromosomu, yaani telomea, hupungua kila seli inapojinakili, kwa sababu mashine ya kunakili DNA haifiki mwisho kabisa. Alikuwa sahihi. Kimeng'enya kinachorudisha ncha hizo, telomerasi, kiligunduliwa miaka ya 1980, na mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba seli za kawaida zikipewa telomerasi huvuka ukomo huo. Seli nyingi za saratani hutumia njia hiyo hiyo. Zile za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyeugua saratani, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951, zinagawanyika hadi leo.

Kuna hesabu inayozagaa mtandaoni kwamba binadamu hawezi kupita miaka 120 kwa sababu ya ukomo huu. Hesabu hiyo haina msingi. Seli zilizochukuliwa kwa wazee sana bado hugawanyika maabara, na seli nyingi za ubongo hazigawanyiki kabisa utu uzimani. Kinachofuatiliwa sasa ni zile seli zilizokwisha kukoma lakini zikabaki mwilini: hutoa kemikali zinazochochea kuvimba kwa tishu na kuzisumbua seli jirani zilizo nzima.