Panya haugui taifodi yetu. Sasa kwa nini anachunguzwa?

Shikamoo daktari. Naishi Manzese, panya wamejaa. Nasikia taifodi huchunguzwa kwa panya, ndio wanaotuletea?

Marahaba. Hapana, si wao. Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, anaishi kwa binadamu tu. Hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, au cha mtu aliyepona lakini bado ana vimelea kwenye kibofu cha nyongo, akaingia kwenye maji au chakula cha mwingine. Chemba ikifurika masika karibu na bomba lililopasuka, hapo ndipo pa kuogopa, pamoja na maji ya kandoro, yale ya vifukoni, usiyojua yamejazwa wapi. Panya wafukuze hata hivyo, wana homa ya mgunda.

Kama hawaugui, maabara wanachunguza nini?

Wanatumia ndugu yake, Salmonella Typhimurium. Huyu akimpata mtu, mara nyingi ni kuharisha na tumbo kusokota kwa siku chache. Akimpata panya mweupe wa maabara, hasa wa ukoo uitwao BALB/c, mambo ni mengine: anapenya utumbo, anaingia kwenye damu, anajificha ndani ya chembe za kinga zilizo kwenye ini na bandama. Ndivyo taifodi inavyotufanya sisi. Panya hao wana kasoro kwenye jeni ya Nramp1, ndiyo maana wanazidiwa upesi. Wale ambao jeni hiyo ni nzima huhimili zaidi.

Basi chanjo ikimkinga panya, itanikinga na mimi?

Si lazima. Typhi huvaa koti la sukari liitwalo Vi, na Typhimurium hana koti hilo. Chanjo mpya za taifodi zinalenga Vi hiyohiyo, kwa hiyo panya hawezi kuwa shahidi wa mwisho. Kule Oxford, Uingereza, watu wazima walijitolea wakachanjwa, kisha wakanyweshwa Typhi hai huku madaktari wakiwaangalia. (Mimi nisingethubutu.) Halafu Blantyre, Malawi, chanjo ikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 28,000; matokeo ya 2021 yalionyesha kinga ya takriban asilimia 80.

Kila nikipima Widal naambiwa nina taifodi. Kweli?

Inawezekana siyo. Widal haitafuti bakteria mwenyewe, inatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, na zile zilizotengenezwa dhidi ya Typhimurium nazo zinaweza kuichanganya. Kabla ya kumeza antibayotiki, muulize daktari wako kama damu inaweza kuoteshwa, yaani kukuzwa maabara ili bakteria aonekane. Majibu huchukua siku kadhaa, na kipimo hicho nacho huwakosa takriban wagonjwa 4 kati ya 10, kwa hiyo mweleze pia homa ilianza lini na inapandaje.