Bunduki ya mtumba kukaza haimaanishi ni nzima

Nimechoka na hii kitu ya "fundi, si unaskia vile inakaza". Mtu anaingia, anaomba kushika ova-anda ya mtumba, ile bunduki ya mitutu miwili mmoja juu ya mwingine, anaifungua, anaifunga kwa nguvu, inalia tak, halafu ananigeukia na uso wa mtu ashaokota mali. Kisha anamalizia na ile ingine, "na leva bado iko kulia, hii haijatumika", yaani kile kimkono cha juu cha kufungulia. Wa wiki hii alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Njoro, mtu na heshima zake, ikabidi nimwambie mwalimu hebu kaa chini kwanza, kwa sababu alikuwa ashaanza kuulizia mambo ya kulipa na hata kile kipande cha mbao cha mbele hakuwa amekivua.

Kukaza si afya. Mlango wa choo ukivimba na mvua ya mwezi wa nne pia unafunga kwa shida na hakuna mtu husema ni mpya.

Bunduki inakaza kwa sababu nyingi za kijinga. Grisi iliyokauka. Vumbi ya Nakuru ikiingia chini ya ijekta, kile kinachorusha maganda. Kutu kwa bawaba. Lakini mwongo mkubwa ni hicho kipande cha mbele, kwa sababu kikivaliwa chuma chake kinasukuma mitutu irudi nyuma na kubana kila kitu pamoja, bawaba inaweza kuwa imelika na wewe husikii chochote. Ndio maana mtu akijaribu bunduki ikiwa imevaa kila kitu mimi huwa naangalia tu dirishani.

Fanya hivi. Hakikisha haina risasi, mitutu yote miwili, kwa macho na kwa kidole, usimwamini mwenye duka hata kama ni mimi. Vua kipande cha mbele, futa grisi yote, hasa ile nzito imepakwa majuzi, kuna wauzaji huipaka makusudi ijaze nafasi. Funga bunduki bila hicho kipande. Shika shingo ya kitako na mkono mmoja, mwingine ushike mitutu katikati, utikise polepole kushoto kulia, halafu juu chini, na kidole gumba kiwe pale mitutu inakutana na bodi, yaani mwili wa chuma wa bunduki. Ikicheza, kidole kitajua kabla ya sikio. Baadaye iinue kwa dirisha uangalie kutoka upande, kati ya uso wa mitutu na ukuta wa bodi mwanga haufai kupita. Ukiona kamstari ka mwanga bawaba imechoka, na haijalishi ilikuwa inalia tak namna gani.

Sasa leva, maana hapa ndio watu hunikosanisha na wateja wangu. Ni kweli bunduki ikitoka kiwandani leva husimama kulia kidogo, na komeo la kufungia mitutu likilika inarudi katikati, na ukiipiga miaka na miaka inavuka kwenda kushoto. Hiyo kila mtu ashaisoma. Kile hawaambiwi ni kwamba leva inakupa habari za komeo peke yake. Habari za bawaba haina. Ni sehemu mbili tofauti zinalika kwa mwendo tofauti, na unaweza kukuta leva iko kulia kabisa na bawaba imekwisha, ama leva imesimama katikati na bunduki bado itapiga sahani, zile za udongo hurushwa hewani, mpaka mjukuu wako aikatae. Chukua Beretta za familia ya 686 na 687. Zinafungwa na pini mbili za umbo la koni, zinatoka ukutani na kuingia kwa matundu mawili kando ya mitutu, na kwa sababu ni koni zikilika zinaingia tu ndani kidogo zaidi na zinabana vilevile. Zikiisha kabisa kuna nyingine nene kidogo za kubadilisha. Hata zile pini za bawaba za pembeni zinabadilishwa. Kwa hivyo Beretta yenye leva katikati hainitoi jasho. Za ukoo wa Browning ni hadithi ingine, ile ramani ya zamani ya John Browning, aliyekufa 1926 kabla ikamilike na mwanawe Val akaimalizia, ina pini moja ya bawaba inayokatiza upana wote chini ya mitutu na komeo bapa linaingia chini ya mtutu wa chini. Mwili wake ni mrefu kwenda chini kuliko Beretta lakini ni kazi ngumu sana kuichosha, na hizi za Miroku za Japani ni hivyo hivyo.

Inayonitisha mimi ni leva ambayo iko kulia sana kwa bunduki ambayo kila kitu kingine kimezeeka. Michoro ya kushikia kwa kitako imesuguliwa hadi laini, ile rangi ya bluu ya chuma imetoka na kuacha chuma cheupe pale mkono hushika, halafu leva imesimama kama ya jana? Kuna mtu alifanya kazi hapo. Inaweza kuwa kazi safi, komeo jipya, na akuonyeshe risiti. Inaweza pia kuwa mtu alichukua nyundo akagonga chuma mpaka kikafura kikabana tena, na hiyo itadumu msimu mmoja. Angalia vichwa vya skurubu, mfereji ukiwa umeraruka jua bisibisi isiyofaa ishapita hapo. Angalia pale komeo linauma, alama za kugongwa hung'aa tofauti na chuma cha kando, na ya kuchomelewa ina rangi yake. Na bluu ikiwa mpya tii kila mahali hadi ndani ya herufi za mihuri iliyopigwa kwa chuma zikawa hazina kona, uliza ni kwa nini ilisuguliwa.

Zile zinatoka Kisumu na upande wote wa ziwa mimi huzikagua mara mbili. Unyevu wa huko hauchezi, na kutu haianzi pale unaangalia, inaanza chini ya mbao ya mbele na chini ya ribu, ule utepe wa chuma ulioshikana na mitutu. Wazee watakuambia uning'inize mitutu kwa kidole uigonge na kucha, ikilia kama kengele ribu zimeshika, ikivuma vibaya zimeachia. Nitasema ukweli, kwa ova-anda sina imani kubwa na hii. Nimeona zinazolia vibaya na ribu ni salama kabisa, na nimeona inayolia vizuri ikiwa na kutu ndani kwa ndani. Ninaigonga bado, mazoea, lakini siwezi kukataa bunduki kwa ajili ya mlio peke yake.

Ndani ya mtutu tazama ukielekeza kwa mwanga na ufuate kile kivuli kirefu, kikikatika kuna kibonyeo, kikifanya pete nzima mtutu umevimba na hapo mazungumzo yameisha. Vijitundu vya kutu vidogo karibu na chemba, pale risasi hukaa, vinaweza kuvumilika. Unene wa ukuta unapimwa na geji, si kwa jicho, na wengi wetu tunashika nusu milimita kama mpaka. Ukiniuliza kama hiyo nusu milimita ni sayansi ama ni desturi, nitakuambia ni desturi zaidi, kwa sababu ukuta mwembamba karibu na mdomo si sawa na ukuta mwembamba karibu na chemba ambako presha yote iko. Lakini chini ya hapo jina langu siliweki.

Chemba nayo ni haraka tu lakini inaua. Bunduki nyingi za zamani zilizobaki kwa mashamba ya huku Bonde la Ufa zina chemba ya milimita 65, risasi nyingi za leo ni za 70. Watu wanasema "lakini inaingia vizuri". Bila shaka inaingia! Hizo 70 ni urefu wa ganda likishafunguka, kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa na ni fupi. Ukipiga halina pahali pa kufungukia, presha inapanda. Soma mihuri.

Mtutu wa pili "umekufa"? Hapana, labda triga yake inahitaji teke la risasi ya kwanza ndio ihamie mtutu wa pili, Beretta nyingi na Browning 525 ni hivyo, 725 ndio haihitaji. Weka risasi bandia, vuta, gonga kitako na kiganja, vuta tena. Kuna mtu alikataa bunduki safi sana kwa hii sababu, na aliyeinunua baada yake ananisalimia mpaka leo.

Choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu, sitazungumza sana. Robo na nusu zinatosha mtu wa sahani, yaani kubana kama milimita 0.25 na 0.5. Choki nzito inaweza kufunguliwa na fundi, ile imeshafunguliwa hairudi. Kama ni za kuzungusha hakikisha zinatoka, zile zimekwama kwa kutu zinaweza kuharibu mtutu zikilazimishwa. Na hapana, mtutu mrefu haupigi mbali, unatulia tu ukifuata sahani, sentimita 76 ni nzuri kwa hiyo kazi na 71 ni ya kila kitu.

Uwindaji wa burudani ulifungwa hapa Kenya 1977, kwa hivyo wengi wetu ni sahani tu, na wachache huenda Tanzania ama Uingereza kupiga ndege na leseni za huko. Kama wewe ni wa sahani chukua nzito, kilo tatu na nusu ama zaidi, teke linapungua na bega litakushukuru jioni. Kama ni kutembea nayo siku nzima ukifuata ndege, kilo tatu. Inayotaka kufanya zote mbili hukaa katikati na hulalamikiwa pande zote.

Halafu jambo ambalo lingefaa kuja mbele ya leva na komeo na kila kitu: ikuingie mwilini. Funga macho, inua bunduki begani vile unainuanga, fungua. Ukiona ribu yote kama ngazi kitako kiko juu sana, ukiona bodi tu bila ribu kiko chini sana, ukiiona imepinda upande mbao imepinda vibaya kwako, na bunduki nyingi zimepindwa kwa mtu wa mkono wa kulia hata kama wewe ni wa kushoto. Mbao inaweza kupindwa kwa joto ama kukatwa kidogo, lakini tazama nyufa nyuma ya chuma cha juu cha shingo, na mbao iliyokunywa mafuta ikawa nyeusi na laini haipindwi, inavunjika.

Na namba. Ya mitutu, ya bodi, ya kipande cha mbele, zilingane zote, na zilingane na iliyo kwa cheti cha muuzaji, maana Sheria ya Silaha, sura ya 114, inashughulika na bunduki hiyo hasa na Bodi ya Leseni za Silaha itataka hiyo namba. Tofauti ya tarakimu moja, usilipe hata ya kuweka.