Themostati haichagui kiti cha kupasha

"Ndani ya gari dereva anaganda, abiria anatoka jasho? Badilisha themostati." Nimechoka kuusikia ushauri huu. Themostati ni vali inayodhibiti joto la maji ya injini; nyingi hufunguka kwenye nyuzi za Selsiasi 82 hadi 95 hivi, na joto la maji inayoyadhibiti hulisha hita nzima. Ikikwama wazi, kabini yote inapoa.

Angalia kwanza kulanti, yaani maji ya kupoza injini, injini ikiwa baridi. Ikipungua, hewa hujikusanya kwenye hita. Jaza, toa hewa, tafuta panapovuja.

Kisha nenda kwenye mipira miwili ya hita, yaani mabomba yanayopitisha maji hayo, pale inapoingia kabini. Injini ipate moto na izunguke kama mara 1,500 kwa dakika, joto liwe la mwisho pande zote, feni kasi ya juu. Pima kwa kipimajoto cha miale juu ya mpira wenyewe, maana chuma kinachong'aa hudanganya kipimo.

Mpira wa kuingiza ukiwa moto na wa kutoa ukiwa umepoa kwa zaidi ya nyuzi 25, rejeta ya hita, ile ndogo inayopasha hewa ya kabini kwa maji moto, imeziba. Hapo watu hubisha: ingeziba, si pande zote zingepoa? Hapana! Pikapu nyingi zenye vidhibiti viwili vya joto hupitisha hewa ya dereva kwenye sehemu moja ya rejeta hiyo na ya abiria kwenye nyingine. Maji yakitiririka kidogo, joto huishia sehemu ya kwanza, ya pili inapata maji yaliyokwisha kupoa. Punguza feni hadi chini kabisa: upande baridi ukianza kupata joto, shuku maji. Ukibaki vilevile, shuku mlango wa kuchanganyia hewa, kile kibao kinachochanganya hewa moto na baridi.

Mipira yote ikiwa moto, zungusha kidhibiti cha upande huo huku ukisikiliza chini ya dashibodi. Mlio wa kugongagonga ni gia zilizokatika za mota inayozungusha mlango huo. Lakini mota kuzunguka hakuthibitishi kitu, kwa sababu ekseli ya mlango inaweza kuwa imevunjika.

Tofauti ya nyuzi 15 hadi 25 siwezi kuiapia. Wota pampu (pampu ya kusukuma maji ya injini) iliyolika panga zake hutoa dalili zilezile.

Kusafisha rejeta iliyoziba: injini ikiwa baridi, chomoa mipira yote miwili, ingiza maji ya shinikizo dogo kupitia mdomo wa rejeta wa kutokea maji mpaka yatoke meupe. Kompresa ya hewa iache, aluminiamu ya rejeta ni nyembamba. Na dawa ya kuziba uvujaji usiimimine humo kamwe: huganda kwanza kwenye vijia vyembamba vya rejeta hiyohiyo.