Je, tai hujing'oa mdomo ili aanze maisha upya?

Ipo simulizi iliyoenea sana katika mahubiri na semina za kuhamasishana, isemayo kwamba tai akifika miaka 40 hujitenga mlimani kwa siku 150, akaugonga mdomo wake mwambani hadi ung'oke, akasubiri uote mwingine, kisha akang'oa makucha na manyoya ili aishi miaka 30 zaidi. Inapendwa kwa sababu inagusa hofu ya kuzeeka, na si ajabu kwamba wengi wameiamini.

Mdomo wa tai, hata hivyo, ni mfupa wa taya uliofunikwa kwa gamba gumu la keratini, kitu kilekile kinachounda kucha zetu. Gamba hilo hukua wakati wote na kulika kwa matumizi. Ukimtazama ndege aliyemaliza kula, mara nyingi utamwona akisugua mdomo kwenye tawi, upande huu na upande ule. Mfupa wenyewe ukivunjika hauoti tena, na tai asiye na mdomo hawezi kurarua nyama, sembuse kukaa miezi mitano bila kula. Manyoya nayo hubadilika yenyewe, machache machache, ndiyo maana tai huendelea kuruka. Isitoshe, tai wengi wa porini hawafikishi hata miaka 30.

Anayetaka kuhakiki na aanze na maswali mepesi: ni tai wa aina gani, maana zipo zaidi ya 60, na ni nani aliyemwona? Kisha afungue kitabu chochote kizuri cha ndege, asome sehemu inayoeleza umri wao na namna manyoya yanavyobadilika.