Mbwa wa Mtakatifu Bernard hawakubeba pombe

Picha imezoeleka: mbwa mkubwa kwenye theluji, shingoni pipa dogo la brandi la kumpasha moto msafiri. Watawa wa nyumba ya wasafiri ya Great St Bernard, kwenye njia ya milima ya Alpi mpakani mwa Uswisi na Italia, wanasema mbwa wao hawakufanya kazi na mapipa hayo.

Bernard wa Aosta alianzisha nyumba hiyo ya wasafiri karibu mwaka 1050, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Mbwa walifika karne ya 17. Walitangulia watawa kutafuta njia iliyofunikwa, wakanusa waliofukiwa na kufukua kwa makucha. Pipa lilienezwa na mchoro wa Edwin Landseer wa 1820. Mchoraji alikuwa na miaka 18 tu! Tena pombe hutanua mishipa ya ngozini, mwili ukazidi kupoteza joto.

Na Barry, mbwa wa huko anayesifiwa kuokoa watu zaidi ya 40, hakuuawa na mtu wa 41 aliyemdhania mbwa mwitu, kama hadithi inavyodai. Alizeeka, akapelekwa mji wa Bern, akafa 1814.

Watawa bado wanaishi huko juu, wanasali kanisani mwao na kupokea wageni.