Papai na nyama ngumu, mengi tunayoambiwa sio kweli

Kila mtu anajua nyama ngumu ukiipaka papai inalainika, ila maelezo yanayofuata hapo ndo yana uongo mwingi. Mfano eti chukua papai lililoiva kabisa ndo lenye nguvu. Hapana, papaini, yaani ile enzaimu inayokata protini, imejaa kwenye utomvu mweupe wa papai bichi, likiiva inabaki kidogo sana. Wengine wanadhani inakufa ukishabandika tu sufuria, kumbe inapenda joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, kwahiyo inaendelea kukata mpaka mchuzi uchemke ndo inaharibika.

Alafu kuna wanaosema ni tindikali inayounguza nyama. Sio tindikali jamani, yenyewe pia ni protini, mnyororo wa amino asidi (vijenzi vya protini) 212 uliojikunja ukawa mapande mawili yamekaa ubavu kwa ubavu na katikati kuna mfereji, protini ya nyama inalala humo. Upande mmoja wa mfereji kuna amino asidi inaitwa sisteini, namba 25 kwenye mnyororo, wa pili kuna histidini, namba 159, histidini inaichomoa haidrojeni kwenye salfa ya sisteini, salfa inavamia kiungo cha protini kinakatika, maji yanamalizia kuachanisha na enzaimu inabaki nzima inaenda kukata nyingine.

Ila linaloniuma zaidi ni watu kudhani ukoo huu wa enzaimu uko kwenye papai tu. Binadamu tuna ndugu zake 11, wanaitwa kathepsini! Kathepsini K inakula kolajeni, yaani protini ya mfupa, kwenye mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, na mtoto akirithi jeni mbovu ya hiyo kwa baba na kwa mama anapata piknodisostosi, mifupa imeshonana kwelikweli lakini inavunjika ovyo. Na hazitutafuni wenyewe kwasababu zinazaliwa na kipande kilichoziba mfereji, kinaondoka zikifika kwenye lisosomu, kifuko cha ndani ya seli chenye uchachu, na zikivuja nje ya hapo, protini za kuzizuia ziitwazo sistatini zinazibana.

Sasa mtu akikwambia papai linatibu malaria sababu lina enzaimu, mwambie kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, mwenyewe anaishi kwa enzaimu za ukoo huohuo, falsipaini, anakatia himoglobini ya damu yetu apate chakula. Dawa inayotakiwa ni ya kuziba mfereji wa falsipaini bila kugusa kathepsini zetu, na hapo ndo pagumu maana mifereji inafanana mno.